Bei Ilikosewa, Oda Ikafutwa: Namna ya Kudai Haki Yako kwa Muuzaji wa Mtandaoni

Umeona bidhaa, bei imekuvutia, umelipa, ukalala usingizi mnono. Asubuhi unakuta ujumbe: "Samahani, bei iliyoonekana ilikuwa na makosa. Oda yako imefutwa." Hapo wapo wanaonyamaza, wakidhani muuzaji ana uhuru wa kufuta chochote apendacho. Wapo pia wanaowaka moto, wakishikilia kwamba bei ikishaandikwa imeandikwa. Wote hawajakaa sawa. Haki yako inategemea maswali mawili: je, muuzaji alikuwa amekwisha kukubali kukuuzia? Na je, mtu mwenye akili timamu angeiona bei ile akajua papo hapo kwamba kuna sifuri imedondoka? Shika hayo mawili, maana kila hatua iliyo hapa chini inarudi kwenye mojawapo.

1. Piga picha kwanza, lalamika baadaye

Muuzaji akigundua kosa, la kwanza analofanya ni kurekebisha ukurasa. Ukichelewa nusu saa, ushahidi umeyeyuka. Niliwahi kuagiza kiti cha kufanyia kazi kwa bei ya chini, si ya kushangaza, ya chini tu. Siku ya tatu oda ikafutwa kabla pesa haijakatwa. Nilipoandika kulalamika nikaulizwa: "Bei ipi hiyo unayoisema?" Barua pepe niliyokuwa nayo ilitaja namba ya oda na jina la kiti, basi. Bei haikuwemo, na ukurasa ulikuwa umeshabadilishwa. Sikuwa na la kujibu.

Kwa hiyo, kabla hujamwandikia mtu yeyote, hifadhi haya:

- picha ya skrini ya ukurasa wa bidhaa, ionyeshe bei, anwani ya ukurasa, tarehe na saa;
- picha ya kikapu na ya ukurasa wa mwisho wa malipo, penye jumla pamoja na gharama za usafirishaji;
- barua pepe na SMS zote, hata zile za kujiendesha zenyewe;
- taarifa ya benki au ya pesa za simu inayoonyesha kilichokatwa;
- vigezo na masharti ya duka kama yalivyosomeka siku ile.

Hilo la mwisho watu hulisahau, na ndilo litakalokuja kuamua mengi. Ukurasa ukiwa bado upo hewani, unaweza pia kuubandika kwenye hifadhi ya web.archive.org, ambako kuna sehemu ya kuhifadhi ukurasa kama ulivyo wakati huo. Ushahidi huo una uzito kuliko picha ya simu yako, kwa sababu umewekwa na mtu wa tatu asiye na maslahi.

2. Soma upya ujumbe uliotumiwa, neno kwa neno

Hapa ndipo kesi nyingi huamuliwa. Linganisha sentensi hizi mbili:

"Asante, tumepokea oda yako. Tutakujulisha itakapothibitishwa."

"Oda yako imethibitishwa. Mzigo umekabidhiwa kwa msafirishaji."

Ya kwanza ni stakabadhi tu: barua yako imefika. Ya pili ni kukubali. Tofauti hii ina mizizi katika sheria ya mikataba ya Kiingereza, ambayo nchi nyingi duniani ziliirithi. Mwaka 1953 Mahakama ya Rufani ya Uingereza, katika kesi ya maduka ya dawa ya Boots, ilisema bidhaa kuwekwa rafuni na bei yake ni mwaliko tu kwa mteja. Anayetoa ofa ni mteja anapoipeleka kaunta, na muuzaji ana hiari ya kukubali au kukataa. Ukurasa wa mtandaoni huchukuliwa kama rafu hiyo. Ukibonyeza "nunua", wewe ndiye uliyetoa ofa.

Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2000 kuhusu biashara ya kielektroniki inamtaka muuzaji athibitishe bila kuchelewa kwamba oda imemfikia. Uthibitisho huo peke yake haumaanishi kwamba amekubali kuuza. Ndiyo maana maduka makubwa huandika kwenye vigezo vyao kwamba mkataba unakamilika mzigo unapotumwa. Wameshaungua.

Walioungua wanajulikana. Januari 2002, tovuti ya Kodak nchini Uingereza ilionyesha kamera ya dijitali kwa pauni 100 badala ya 329. Wateja walipoagiza walitumiwa barua pepe za kujiendesha zilizosomeka kama kukubali. Kodak ilikataa kwanza, lakini wateja walipoanza kutaja mahakama ikageuka na kuuza kwa bei ileile. Barua pepe iliyoandikwa kizembe ndiyo iliyowapa wateja nguvu.

Si kila mahali rafu ni mwaliko tu. Quebec, Kanada, sheria ya kumlinda mlaji inasema tangazo la muuzaji wa mbali lenye mambo yote ya msingi ya mkataba huhesabiwa kuwa ofa, hata kama muuzaji ameandika kwamba si ofa. Tena inamkataza kudai bei kubwa kuliko aliyotangaza. Kwa hiyo tafuta sheria ya mlaji ya nchi yako na uone imekaa upande gani. Usitegemee mambo uliyosoma kwenye makundi ya WhatsApp, kwa sababu anayejibu huko huenda anazungumzia nchi nyingine kabisa.

3. Jiulize kwa ukweli: uliijua?

Swali hili linauma, na ndilo muuzaji atakalolikimbilia. Hata mkataba ukiwa umekamilika, mahakama za nchi nyingi hazimruhusu mtu kulidaka kosa la mwenzake akiwa anajua wazi kwamba ni kosa.

Kanuni yenyewe ina umri kuliko intaneti. Mwaka 1939 mahakama moja ya Uingereza ilisikiliza mgogoro wa ngozi 30,000 za sungura wa Argentina. Muuzaji aliandika bei kwa ratili (kipimo cha uzito) badala ya kwa ngozi moja, na kwa kuwa ratili moja ilikuwa na karibu ngozi tatu, bei ikaanguka hadi kama theluthi. Mazungumzo yote ya awali yalikuwa kwa ngozi, na biashara hiyo kwa kawaida ilikuwa kwa ngozi. Jaji akasema mnunuzi hangeweza kudhani kwamba ile ndiyo nia ya muuzaji, na madai yake yakatupwa.

Sasa njoo Singapore, Januari 2003. Mfanyakazi wa kampuni inayohusiana na duka la mtandaoni la Digilandmall, katika mafunzo, alijaza namba za kubuni kwenye fomu ya mfano, na namba hizo zikaingia kwenye tovuti halisi bila mtu kujua. Printa ya leza ya dola 3,854 za Singapore ikauzwa kwa dola 66. Habari ikasambaa usiku wa manane. Kosa lilipogunduliwa, watu 784 walikuwa wameagiza printa 4,086. Sita kati yao, waliokuwa wameagiza 1,606 kwa pamoja, walienda mahakamani wakiwa na barua pepe za uthibitisho mkononi.

Walishindwa, na rufaa yao mwaka 2005 ikashindwa pia. Walikuwa watu wa kusoma, mmoja wao wakili. Kilichowamaliza ni ujumbe waliotumiana usiku ule. Waliamshana wakihimizana waagize haraka kabla kosa halijaonekana, na baadhi yao walikuwa wametafuta mtandaoni bei halisi ya printa ile kabla ya kuagiza. Mbele ya jaji, kusema "sikujua" hakukuwezekana tena.

Katika kesi ile kuna vipimo vinne unavyoweza kujipima navyo, na ningependa ujipime bila kujipendelea:

Kwanza, ukubwa wa tofauti. Punguzo la asilimia 40 au 50 ni jambo la kila msimu. Hakuna anayeweza kukwambia ulipaswa kushtuka. Televisheni ya pauni 299 ikiuzwa kwa pauni 2.99, kama ilivyotokea kwenye tovuti ya Argos mwaka 1999, hata mtoto anaona nukta imekaa pabaya. Argos ilikataa kuuza.

Pili, idadi. Aliyeagiza moja ya kutumia nyumbani ana sura ya mteja. Aliyeagiza mia ana sura ya mwindaji.

Tatu, dalili za ofa ya kweli. Je, palikuwa na bei ya zamani iliyokatwa mstari? Tangazo la mauzo ya msimu? Kuponi? Ukurasa wenye maneno "ofa ya leo tu" ni rafiki yako mkubwa; upige picha na uutaje kwenye barua yako.

Nne, ulichoandika. Ukishajigamba kwenye kundi la marafiki kwamba "wamechemka hawa, chukua haraka", umejiandikia hukumu. Na ukishaandika, usifute, kwa sababu simu za wenzako bado zinao, na kufuta kunaonekana vibaya kuliko maneno yenyewe.

Ukishindwa vipimo vyote vinne, nakushauri udai pesa yako na uachane na bidhaa. Ukifaulu vitatu, endelea kusoma; una hoja.

4. Fuata pesa

Angalia kama pesa imekatwa au imeshikiliwa tu. Benki nyingi huonyesha muamala kuwa "unasubiri" wakati duka bado halijachukua kitu. Hiyo huachiliwa yenyewe baada ya siku chache. Ikiwa imekatwa kweli, unayo hoja ya ziada kwamba muuzaji alikubali, ingawa si mahakama zote zinazoihesabu kuwa ya mwisho.

Jambo moja halina mjadala popote: muuzaji hawezi kubaki na bidhaa na pesa pia. Akifuta oda, anarudisha kila senti, pamoja na nauli ya mzigo, kwa njia ileile uliyolipia. Usikubali vocha ya dukani kama hutaki. Vocha ni pesa iliyofungwa kamba.

Na kama mzigo umeshafika? Wengi huamini mambo yameishia hapo. Kwa kawaida huwa yameisha, kwa sababu kumfuata mteja ni gharama na aibu kwa muuzaji. Lakini si kila mara. Januari 2005 Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani iliamua kesi ya kompyuta mpakato iliyopangwa kuuzwa euro 2,650. Programu iliyohamisha data kwenda tovutini ikaiandika 245. Mteja aliagiza moja, akathibitishiwa, akaletewa. Muuzaji alipogundua akautengua mkataba, na mahakama ikamruhusu. Sheria ya huko inamtaka atengue bila kuchelewa, na alipe hasara ambayo mteja aliipata kwa kuuamini mkataba. Hilo la hasara lishike: kama ulinunua kifaa kingine kinachoendana na bidhaa ile, au ulimlipa fundi aje kuifunga, tunza risiti.

Ukiombwa kurudisha mzigo uliokwisha kufika, usiuuze wala usianze kuutumia mpaka mgogoro uishe. Ukiamua kurudisha, waje kuuchukua kwa gharama yao, na pesa yako iwe imeshathibitishwa.

5. Usibonyeze "futa oda"

Ni hatua fupi, lakini nimeona watu wengi wakianguka hapa. Muuzaji hupiga simu au huandika kwa upole: "Tafadhali ingia kwenye akaunti yako ufute oda, ili turudishe pesa haraka." Ukibonyeza, kumbukumbu zitasema wewe ndiye uliyejitoa. Yeye ndiye anayetaka kujitoa, basi afute mwenyewe. Mjibu kwa maandishi, na akipiga simu, baada ya kuongea mwandikie muhtasari: "Kama tulivyozungumza leo saa nne asubuhi, umeniomba nifute oda kwa sababu bei ilikosewa. Sijakubali."

6. Andika barua, fupi na isiyo na matusi

Peleka kwenye barua pepe ya huduma kwa wateja na pia kwenye fomu ya malalamiko ya duka, ambatanisha picha. Waweza kuiga hii:

*Kwa Huduma kwa Wateja,*

*Tarehe (…) niliagiza (…) moja, oda namba (…), kwa bei iliyoonyeshwa kwenye ukurasa wenu. Nililipa kiasi chote, na siku hiyohiyo mlinitumia barua pepe iliyosema "oda yako imethibitishwa". Nimeambatanisha nakala.*

*Tarehe (…) mmeniarifu kwamba mmeifuta oda kwa sababu ya makosa ya bei. Bei ile ilikuwa na alama ya punguzo na haikutofautiana kwa kiasi cha kunitia shaka. Kwa mtazamo wangu mkataba ulikuwa umekamilika.*

*Naomba mnitumie bidhaa kama tulivyokubaliana. Kama haiwezekani, nionyesheni ni kifungu gani cha masharti yenu ya tarehe ile mnachokitegemea, na mnipe pendekezo lenu. Nasubiri jibu ndani ya siku 14.*

*Marejesho yoyote ya pesa mtakayofanya kabla ya hapo nitayapokea bila kuacha madai yangu.*

Sentensi ya mwisho iwepo. Wauzaji wengi hurudisha pesa haraka ili baadaye waseme ulipokea ukanyamaza.

Omba kwa hatua: bidhaa yenyewe, au inayofanana nayo, au punguzo la maana kwa bei sahihi. Kuna wauzaji wanaokubali hata pale ambapo sheria ingekuwa upande wao. Mei 2010 tovuti ya Marekani ya 6pm, iliyo chini ya duka la mtandaoni la Zappos, iliuza kila kitu kwa bei isiyozidi dola 49.95 kwa takriban saa sita kwa sababu ya kosa la kupanga bei. Walipoteza zaidi ya dola milioni 1.6, na oda zote zikaheshimiwa. Jina jema lina thamani kwao, na barua yenye adabu huwapa njia ya kulilinda.

Ila angalia pia unayemwandikia ni nani. Kwenye masoko ya pamoja, mwenye tovuti si lazima awe mwenye bidhaa. Desemba 2014, programu iitwayo RepricerExpress, ya kupanga bei zenyewe, iliharibika jioni kwa muda wa takriban saa moja, na bidhaa nyingi za wauzaji wa Amazon nchini Uingereza zikaonekana kwa peni moja. Walioumia walikuwa wafanyabiashara wadogo, baadhi yao familia zinazoendesha biashara kutoka nyumbani. Sisemi uache haki yako kwa huruma. Nasema tafuta jina la muuzaji halisi kwenye risiti, maana barua iliyopelekwa kwa mwenye soko inaweza kulala huko mwezi mzima.

7. Wakikaa kimya

Siku 14 zikipita, panda ngazi. Kama umenunua kwenye soko la pamoja, fungua mgogoro ndani ya mfumo wa soko lenyewe kabla muda wake haujaisha. Kama pesa haijarudi na ulilipa kwa kadi, iambie benki yako kwamba unapinga muamala. Mara nyingi dirisha ni siku 120, lakini usingoje. Fahamu tu kwamba benki hukurudishia pesa, haiwezi kumlazimisha muuzaji akupe bidhaa kwa bei ya chini. Kwa hilo unahitaji mamlaka ya kumlinda mlaji au mahakama ya madai madogo, ambako kwa kawaida huhitaji wakili.

Kabla ya kwenda huko, rudi kwenye vigezo na masharti utafute neno "usuluhishi". Mwaka 2003 Dell iliandika kwenye tovuti yake ya Kanada kompyuta za mkononi mbili kwa dola 89 na 118 badala ya 379 na 549. Ilipogundua ikaufunga mlango wa kawaida wa kuingilia kurasa hizo, lakini kuna mteja aliyeingia kwa kiungo cha moja kwa moja akaagiza. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Kanada, ambayo mwaka 2007 haikugusa bei kabisa. Iliamua kwamba masharti yaliyokuwa nyuma ya kiungo kimoja chini ya ukurasa yaliwapeleka walalamikaji kwa msuluhishi, si mahakamani. Miaka minne ya kubishana juu ya mlango gani wa kuingia. Nchi kadhaa zimeshapiga marufuku vifungu vya namna hiyo kwa walaji, Quebec ikiwa mojawapo, kwa hiyo angalia kama chako kina nguvu.

Na kama duka hilohilo "hukosea" kila mwezi, likikusanya oda kisha kuzifuta na kukuonyesha bidhaa nyingine ya bei kubwa, hiyo ni chambo. Umoja wa Ulaya uliiweka mwaka 2005 kwenye orodha ya mbinu zilizokatazwa katika hali zote. Peleka picha zako kwa mamlaka hata kama pesa imerudi.

8. Kosa likikuumiza wewe

Kuna upande wa pili usiosemwa sana: ukurasa uliandika bei ndogo, na ulipolipa ukakatwa kubwa. Hapa umesimama pazuri zaidi, kwa sababu ulikubali ile uliyoiona kabla ya kubonyeza, na anayetakiwa kueleza ni aliyekukata. Dai tofauti irudishwe, na ukikataliwa una sababu ya kuikataa oda nzima. Ukinunua kutoka kwa muuzaji anayebanwa na sheria za Ulaya, kwa bidhaa nyingi una siku 14 tangu kupokea mzigo za kujitoa bila kutoa sababu yoyote, na akipata taarifa yako ana siku 14 za kurudisha pesa, ingawa anaruhusiwa kuizuia mpaka mzigo umfikie au umwonyeshe kwamba umeutuma. Tuma taarifa hiyo kwa maandishi, na chukua stakabadhi ya posta siku unapokabidhi mzigo.